Ng'ombe Wangu Walikwenda Chuo

Nauza chakula mbele ya geti la chuo kilichokula ng'ombe wangu. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Kila asubuhi natoka Kamunyonge, hapa Musoma, na masufuria yangu kwenye bajaji, nawasha mkaa, napanga mabenchi chini ya turubai, na mbele yangu lipo lile bango la chuo ambalo kila mwaka linapakwa rangi upya na kuongezwa kozi nyingine. Jengo lenyewe lilikuwa gesti. Kuta za vyumba zimebomolewa yakapatikana madarasa, lakini namba za milango hazikufutwa, na wanafunzi wa famasia wanasoma chumba namba saba na nane. Sina ugomvi na gesti. Nimechoka tu kuitazama.

Watu wakitaka kujua kama chuo kinalipa, wanauliza ada kiasi gani na mshahara kiasi gani, wanatoa hiki kwenye kile, wanaridhika. Hesabu yangu haikuwahi kukaa hivyo, kwa sababu ada ya mdogo wangu ililipwa kwa mahari yangu.

Nieleze kidogo, maana asiyetoka kwetu ataona nazunguka. Nilipoolewa, ng'ombe kumi na wawili waliingia katika zizi la baba kule Butiama. Ng'ombe wa msichana si mali ya kuchezea. Kwanza, ndio wanaomwozea ndugu yake wa kiume. Mimi nilikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wangu, wakati ule yuko darasa la tano, kazi yake kupanda mawe na kuchana kaptula. Wale ng'ombe walikuwa mke wake wa baadaye, wakila nyasi. Kazi yao nyingine haisemwi siku ya sherehe. Wale ng'ombe ndio mlango wa kutokea. Siku binti akichoka na ndoa akarudi nyumbani, baba yake anawarudisha, na hapo anahesabika ametoka. Wasiporudi, alale popote atakapolala, yeye ni mke wa mtu, na mtoto aliyemzaa ni wa mtu huyo na ukoo wake. Kanisani hatukufika, tulikuwa tunasema mwakani, mwakani. Tuliishia kwa ng'ombe.

Mume wangu ni mtu wa dagaa. Alikuwa na sehemu yake katika mtumbwi huko kisiwa cha Rukuba, na mwanzoni alirudi kila mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka dagaa hawavuliki na wavuvi wanakuja kuona wake zao. Mimi nilikuwa kwao, kijiji cha pwani ya ziwa, nalima mihogo ya mama yake. Tulizaa binti mmoja. Halafu mbalamwezi zikaanza kupita bila yeye. Niliambiwa kisiwani kuna mwanamke, baadaye nikaambiwa kuna watoto. Hakunipiga, hakunitukana. Alinisahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye nyumba ya watu. Wakati binti yangu anaanza darasa la kwanza nilikuwa nimeshachoka kiasi kwamba hasira yenyewe ilikuwa imeisha. Nikafunga begi, nikamshika mkono mtoto, nikaenda Butiama.

Nilimkuta baba uani akichonga mpini wa jembe. Mama alikuwa ameshatutangulia, Mungu amrehemu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kupitia kwake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekuja kusalimia?" Aliliangalia begi.

"Nimerudi, baba. Warudishie watu ng'ombe zao."

Aliendelea kuchonga. Alichonga mpaka nikadhani hajasikia.

"Nne zimeshaenda mnadani," akasema. "Wiki iliyopita. Ndugu yako ameanza chuo hapo Musoma. Utabibu."

"Ng'ombe zangu? Bila kuniambia?"

"Wewe uko kwako. Nilijua umetulia."

Hilo neno kutulia nililibeba miaka mingi. Nilikuwa nimenyamaza, na baba yangu, kama wababa wengi wa kwetu, alikuwa anadhani mwanamke aliyenyamaza ametulia. Juu ya hapo alikuwa amepiga hesabu. Aliweka mpini chini akanieleza kwa upole kabisa, vidole vikihesabu hewani. "Anasoma miaka mitatu. Kila mwaka ng'ombe nne. Akimaliza serikali inamchukua, hawa watu wa afya wanatafutwa sana. Huyu daktari wa zahanati yetu si unamwonaga na pikipiki? Alikuja hapa na begi moja. Mshahara unanunua ng'ombe. Zitarudi zote kumi na mbili, na ndama juu. Hapo ndugu yako ataoa, na wewe kama bado umechoka tutaongea. Vumilia miaka mitatu tu, mama."

Ukitazama vizuri, hakuiba. Hakunywea pombe. Alimpeleka mtoto shule, na nani atamlaumu mzazi kwa kumpeleka mtoto shule? Ndiyo maana ilinichosha. Ningemkuta kauza ng'ombe akaoa mke wa pili ningelia, majirani wangekuja, ningepewa haki yangu. Nilipewa uji, nikaambiwa nivumilie.

Sikurudi kijijini kwa mama mkwe. Nilikwenda Musoma, nikapanga chumba Kamunyonge, na baada ya kuuza maandazi miezi kadhaa nikahamishia masufuria yangu getini kwa chuo. Nilijiambia kama ng'ombe wangu wamehamia huku, acha na mimi nihamie niwachunge.

Kukaa getini nilijifunza kukisoma chuo kwa sahani. Mwanzo wa muhula wanafunzi wanakula wali na nyama, wanaacha na bakshishi. Katikati wanakula ugali wa muhogo na dagaa. Mitihani ikikaribia wanaomba chai na andazi, andazi moja wanagawana wawili, na hapo najua uongozi umebandika tangazo la ada. Chuo kidogo hakina mkopo wa serikali kama vyuo vikubwa, kila senti inatoka nyumbani kwa mtu. Juu ya ada kuna mchango wa maabara, sare, koti jeupe, kitambulisho, mchango wa mahafali hata kama mahafali yako bado, na kile kinachoitwa mafunzo kwa vitendo, ambapo mwanafunzi anakwenda kufanya kazi hospitalini bure na anakilipa chuo kwa kumruhusu aende. Walimu walikuwepo, tena wengine wazuri. Yupo mmoja alifundisha asubuhi hapa, mchana chuo kingine, jioni anashika zamu hospitali, na alikuwa akila kwangu amesimama. Simdharau. Hata yeye alikuwa amechoka.

Mdogo wangu alikula kwenye benchi langu miaka yote mitatu, na sikumdai. Alikuwa kijana mwenye aibu, mrefu, anayeinamisha kichwa akipita chini ya turubai. Siku za mwanzo hakujua habari ya begi langu. Baba alikuwa amemwambia tu asome. Alipojua, mwaka wa pili, aliambiwa na shangazi kwa mdomo ule ule unaosambaza habari zote za ukoo. Alikuja mchana, wenzake wameshaondoka.

"Dada, kumbe nasoma kwa ng'ombe zako."

"Soma tu."

"Kumbe ulikuwa unarudi nyumbani."

"Nimesema soma. Ukifeli nitakupiga na huu mwiko."

Akacheka, halafu hakucheka tena. Tangu siku hiyo alikuwa ananawa na kunisaidia kuosha vyombo, mtoto wa kiume na koti lake jeupe amelikunja juu ya benchi, wenzake wanampigia kelele. Sikumkataza. Nilikuwa na hasira na chuo, na baba, na Rukuba nzima, lakini yeye nilishindwa kumkasirikia. Alikuwa na njaa na alikuwa na adabu.

Mwaka wa tatu ulikuwa mbaya. Bei ya ng'ombe ilishuka kwa ukame, wale wanne wa mwisho wakatoa fedha ya watatu, na siku chache kabla ya mtihani chuo kikasema asiyemaliza ada hapati namba ya mtihani. Nilimwona mhasibu wa chuo akisimama getini na karatasi, vijana wakirudishwa, wasichana wakilia kwa sauti, baba mmoja mzee aliyetoka mbali akikaa kwenye benchi langu na kofia mkononi bila kuagiza kitu. Pengo letu nililiziba mimi, kwa fedha za kodi ya chumba na fedha za mchezo wa kupeana wa akina mama, zamu yangu ilikuwa bado nikabembeleza nipewe mapema. Kwa hiyo chuo kilikula na jasho la masufuria. Nikipiga hesabu zangu huwa nasahau kulitaja hilo, labda kwa sababu lenyewe nililitoa kwa mkono wangu.

Mahafali yalikuwa mazuri, nisiseme uongo. Baba alikuja na koti la kuazima, mikono imemfika vidoleni. Mdogo wangu alivaa joho, tukapiga picha mbele ya bango, tukachinja mbuzi Butiama, wazee wakanywa supu ya kichuri, ile chungu ya matumbo, na kila mtu akamwita dokta. Jioni ile hata mimi niliamini. Nilimtazama nikaona ng'ombe kumi na wawili wamesimama pale wamevaa joho, nikasema haya, rudini nyumbani sasa.

Hawakurudi. Tunaambiwa elimu ni ufunguo wa maisha. Ufunguo tulinunua, mlango ndio hatukuuona. Ajira za serikali zilikuwa zikitangazwa, anaomba, hachaguliwi, zinatangazwa tena. Kumbe vyuo vidogo vilikuwa vimeota kila mji, na kila kimoja kilikuwa kimemwambia mzee fulani kwamba watu wa afya wanatafutwa sana. Alijitolea zahanati, maana yake anafanya kazi kama wenzake na mwisho wa mwezi anapewa nauli. Akaenda Bunda kwenye duka la dawa la mtu, anasimama kutwa nzima anauza panadoli na vipimo vya malaria, mshahara wa kununua kuku. Umri ukasogea. Rika lake waliobaki kuchunga walikuwa na wake na watoto, na walimtania kilabuni: "Dokta, wewe mke wako si alienda chuo?" Utani wa kwetu ni mkali, na huo ulikuwa wa kweli, kwa hiyo alikuwa anacheka nao.

Miaka mitatu ya baba ikawa minane. Baba mwenyewe aliacha kuongelea pikipiki. Alizeeka ghafla, kama mtu aliyekuwa amesimama kwa kuegemea kitu kikaondolewa. Nikienda kumsalimia alikuwa anasema, "Mambo yatakuwa sawa, mama," nami najibu "Ndiyo baba," na sote wawili tunaangalia zizi ambalo sasa lilikuwa na mbuzi.

Wakati huo wote nilikuwa mke wa mtu. Alitokea mwanaume, fundi wa majokofu, aliyefiwa na mkewe, mtu mpole, alinitaka kwa heshima. Nilimweleza habari ya ng'ombe. Alinielewa vizuri mno, alikuwa mtu wa mkoa huu. Alisubiri, akasubiri, akaoa kwingine, na hata mimi ningemshauri hivyo hivyo. Mume wangu alinipigia mara chache, hasa injini ya mtumbwi ikiharibika na hana la kufanya. Aliniita "mama mtoto". Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na ndugu wa mbali.

Nitoe haki yake chuo. Usiku wa homa kali ya binti yangu, mdogo wangu ndiye aliyetambua mapema kwamba si malaria, akatukimbiza hospitali kubwa, na daktari alisema tungechelewa kidogo tungempoteza. Baba alipopooza upande mmoja, ni yeye aliyemfundisha kushika kijiko upya. Pale kijijini kwetu watu wanamgongea mlango na watoto wao na hawalipi kitu, na watoto wanapona. Nikitaka kusema chuo kilikuwa bure, naona uso wa binti yangu. Nikitaka kusema kililipa, naona benchi langu. Sijui mtu anavitia wapi vitu hivi viwili vikakaa kwenye mizani moja.

Hatimaye serikali ikamchukua, akapangiwa zahanati upande wa Kibara. Alinipigia simu akilia. Mimi nilikuwa nakoroga ugali, nikamwambia subiri, ugali utashika. Nilipoupakua ndipo nilipokaa chini. Alipothibitishwa kazini alikwenda benki akachukua mkopo wa mshahara, ule wa kukatwa miaka mingi, akanunua ng'ombe kumi na wawili, akawapeleka Butiama. Halafu akaja Musoma, akainamisha kichwa chini ya turubai kama zamani.

"Dada, zimerudi. Ni zako. Sema unataka nini."

"Na wewe hutaki kuoa?" Nilijua kuna nesi kule Kibara, binti wa watu, aliyekuwa akimsubiri.

"Nimeongea naye. Amesema ng'ombe za dada kwanza."

Nilipaswa kumwambia oa, mimi nimeshazoea. Dada mwema angesema hivyo, na watu wangemsifu kanisani. Kinywa hakikukubali. Nilisema, "Nataka kutoka." Akasema, "Basi utatoka."

Lakini mambo hayaji moja moja. Mwezi ule ule matokeo ya kidato cha nne yalitoka, na binti yangu alikuwa amefaulu, si wa kwenda mbali sana, ila alama zake za sayansi zilitosha kozi ya utabibu. Alitaka chuo kipi? Hiki hiki. Alikulia mbele ya geti lake, anawajua walimu kwa vyakula wanavyopenda. Alikuja na fomu ameikunja vizuri, akaniwekea karibu na beseni la vyombo. "Mama, anko alisomea hapa na sasa ana kazi." Nilimjibu kwa ukali nisioupenda. Nilimwambia anko wake alipata kazi wakati rika lake wanapeleka watoto shule. Akaondoka bila kula. Fedha hatukuwa nayo. Kulikuwa na wale ng'ombe tu, na wale ng'ombe walikuwa na safari yao.

Siku ya kuwarudisha, ukoo wa mume wangu ulikuja Butiama. Yeye mwenyewe alikuja na jaketi jipya, amenenepa, akanisalimia kama tunakutana kwenye foleni ya hospitali. Msemaji wao alikuwa baba yake mkubwa, mzee mwenye maneno matamu. Waliwakagua ng'ombe zizini. Walisema wale wa kwao walikuwa wakubwa kuliko hawa. Wazee wa kwetu wakasema wa kwao mmoja alikuwa na kilema cha mguu na hatukusema kitu. Ikawa hivyo mpaka jua likawa kali, baba yangu amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja umelala mapajani.

Halafu yule mzee akasafisha koo. Binti yangu alikuwa anawapitishia maji ya kunawa.

"Sisi si watu wabaya," akasema. "Mtoto huyu ni damu yetu. Tunasikia amefaulu. Tunasemaje? Sisi tutachukua ng'ombe nane. Nne tunaziacha hapa, mtoto abaki wa kwetu kama alivyokuwaga. Hizo nne wajomba wauze, aende chuo. Mama yake atakuwa ametoka, mtoto atakuwa amesoma. Nani amepoteza?"

Binti yangu alisimama na birika mkononi. Nilimwona usoni. Uso ule niliujua, mimi mwenyewe niliuvaa siku ya mahafali ya mdogo wangu.

Watu wakanigeukia. Ng'ombe wanne ni ada ya mwaka mmoja, hilo hakuna aliyelijua kuliko mimi. Na nilijua lile ambalo mzee hakulisema. Shangazi, kwa mdomo wake ule ule, alikuwa ameshaniambia kwamba watu wa ukoo ule walishaanza kuulizwa habari za binti, na kwamba binti mwenye hata mwaka mmoja wa chuo mahari yake inapanda. Mwaka wa kwanza ungekuwa wa hao wanne. Mwaka wa pili wangekuja kuniambia ada imepatikana, kuna kijana wa watu ameleta ng'ombe. Angesoma kwa mahari yake mwenyewe kabla hajaolewa, na mlango wake wa kutokea ungekuwa umeshauzwa kabla hajaingia.

"Chukueni zote," nikasema.

"Mama," akasema binti yangu.

"Zote kumi na mbili. Mtoto ni wangu."

"Fikiri, binti yangu," akasema yule mzee. "Unamnyima mtoto shule."

"Nimefikiri zaidi ya miaka kumi, baba. Nimechoka kufikiri. Chukueni."

Baba yangu ndiye aliyemaliza mjadala. Aliinua mkono wake mzima, akasema maneno ambayo yalimchukua muda kutoka kwa sababu ya mdomo kupinda: "Alisema mwanzo. Sikumsikia. Leo tumsikie." Mume wangu aliangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia baba yangu mpaka kaburini, na maneno hayo machache yakaniharibia.

Mdogo wangu aliwatoa zizini mwenyewe. Hakutaka kijana mwingine awaswage. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, na viatu vyake vyeusi vya zahanati, suruali imepigwa pasi, akawafuata mpaka barabarani lori lilipokuwa linangoja, fimbo mkononi. Aliporudi viatu vilikuwa vimejaa mavi ya ng'ombe. Alivisugua kwenye nyasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwenye gari la kurudi Musoma binti yangu alikaa kiti cha nyuma yangu ingawa cha pembeni yangu kilikuwa wazi. Tulipofika nyumbani akaniuliza jambo moja tu: "Ada yangu imeondoka na wale ng'ombe?"

"Imeondoka."

Alilia. Mimi sikulia, nilitia maji kwenye beseni nikaosha miguu. Nilitegemea kwamba siku nikitoka kwenye ndoa ile nitajisikia mwepesi, nitaimba, sijui nitafanya nini. Nilijisikia kama mtu aliyemaliza kufua nguo za watu wengi. Nikalala.

Wiki zilizofuata hakunisemesha zaidi ya salamu. Alikuja getini kila siku, akamenya, akaosha, akapakua, uso ameufunga. Muhula mpya ulianza. Wanafunzi wapya walishuka na magodoro yaliyoviringishwa na ndoo mpya, wazazi nyuma yao wakishangaa bango. Nilimwona anavyowatazama wasichana wa rika lake wakiingia, nikageuza uso nikakoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. Nilijiuliza kama nimemfanyia vile vile nilivyofanyiwa, kuamua hatima ya mtu mwingine kwa ng'ombe. Bado najiuliza.

Siku moja kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alikaa benchini, koti jeupe jipya lina mikunjo ya dukani. Alikuwa mchangamfu, wa kwetu kwa lafudhi. Aliagiza wali na nyama, nyama mara mbili.

"Una hela wewe," nikamtania. "Subiri mitihani ndipo nikuone."

"Hii ya mwaka mzima ipo, mama," akasema kwa fahari. "Mzee ameuza ng'ombe za dada. Mwaka jana tu ameolewa, zizi limejaa. Amesema nikimaliza zinarudi zote."

Niliurudisha mwiko kwenye sufuria. Binti yangu alikuwa anakuja na sahani yake. Alisimama mbele ya yule kijana, lakini hakuiweka mezani.

"Dada yako anajua?"

Kijana akacheka. "Anajuaje? Si yuko kwake, ametulia."

Binti yangu aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Butiama kunitazama machoni. Kisha akaivuta sahani ya wali kuelekea kwake, akaishika kwa mikono miwili.

"Mpigie simu," akamwambia. "Mwambie, halafu ndiyo ule."